Mgeni wa Ukungu Aletewa Kuni

Miaka ya huku milimani haina haraka. Mibuni huchanua, huvunwa, hukatwa mashina na kuchipua tena; watoto waliobebwa mgongoni hufika zamu yao ya kubeba; na mlima, siku unapopenda, hujifunua asubuhi kisha ukajifunika kabla ya saa nne. Katika mwendo huo wa taratibu Phelister Nasirumbi amekaa Mukurweini, huku Nyeri, muda mrefu kiasi kwamba vijana hudhani alizaliwa hapa. Hakuzaliwa hapa. Alitoka upande wa magharibi, karibu na mpaka wa Uganda, akafika kwetu mwanzoni mwa miaka ya themanini akiwa mke mpya wa Mwalimu Kefa. Na kabla miguu yake haijagusa udongo wetu, sura yake ilikuwa imekwisha kutangulia.

Ilitangulia kwa televisheni. Kabla ya kuolewa alikuwa karani jijini Nairobi, na jioni aliigiza katika kikundi cha michezo. Kwa kuwa ni mrefu na mwenye mwendo wa pole, alipewa nafasi katika mfululizo ulioitwa Mgeni wa Ukungu. Humo alikuwa pepo: mwanamke wa vazi jeupe atokaye ukunguni, akabisha hodi milangoni mwa watu, na kila amfunguliaye husahau jina lake mwenyewe. Jumapili jioni nusu ya Mukurweini ilijazana dukani kwa Wamae, ambako palikuwa na televisheni iliyotumia betri ya gari, na waliotoka ibadani asubuhi ndio waliokuwa wa kwanza kushika viti. Katika sehemu ya mwisho Mgeni aliingia mtoni polepole, maji yakamfunika kichwa, na mfululizo ukaishia hapo. Hakuna aliyeelezwa alikwenda wapi.

Basi mtu na awaze siku ile Mwalimu Kefa aliposhuka sokoni akifuatana na Mgeni mwenyewe, kikapu mkononi, akiuliza bei ya ndizi. Kabura, aliyekuwa muuzaji, alimkabidhi mkungu mzima bila kutaja bei, akainama chini ya meza kutafuta kitu ambacho hakuwa amekipoteza.

Tangu hapo Phelister hakupata jirani. Kila alipobisha hodi, sauti za ndani zilinyamaza, na mara moja alimsikia mtu nyuma ya mlango akijinong'oneza jina lake mwenyewe, ili ahakikishe kwamba bado analo.

Aliyavumilia hayo kwa kicheko mpaka alipojifungua binti, wakamwita Nekesa. Kwa desturi ya Wakikuyu, mwanamke akijifungua, wanawake wa jirani humwendea pamoja wakiwa na mizigo ya kuni, vibuyu vya uji na ndizi, wakampokea mtoto kwa zamu na kupiga vigelegele. Ndivyo mji unavyomwambia mzazi kuwa ni mtu wake. Phelister alifagia ua, akachemsha chai ya watu wengi, akangoja. Kesho yake alifagia tena. Chai aliinywa Kefa peke yake, birika zima, asimwache mkewe aone imebaki.

Mtoto alikuwa bado mchanga alipotokea Ngatia, yule mwongozaji aliyetengeneza mfululizo, mzaliwa wa Nyeri mjini aliyekulia Nairobi. Alikuja na habari kwamba sasa anatengeneza filamu ya kuuendeleza, ya rangi, ya kuonyeshwa katika majumba ya sinema, na kwamba ataipiga huku huku kwetu. Katika filamu hiyo Mgeni anatoka mtoni akiwa na mtoto mikononi, wanawake wanatupa mizigo yao na kukimbia, kisha anafukuzwa milele.

"Mama Nekesa, usikubali," Kefa alimsihi. "Hao wanaokusalimia wakiwa ng'ambo ya barabara, sasa watahama kabisa."

"Baba Nekesa, ng'ambo ya barabara kuna salamu gani? Hao wanawake watakaokimbia ni wa hapa hapa. Angalau siku moja watasimama mbele yangu, siyo nyuma ya mlango."

Asubuhi iliyopangwa ukungu ulikuja kama ulioalikwa. Wanawake walipangwa kwenye njia ya mashamba ya kahawa, kila mmoja na mzigo wa kuni mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso. Mbele yao alikuwa Wamucii, mjane mfugaji wa ng'ombe, ambaye watu wote humwita Shosho, yaani bibi. Ngatia alikuwa ameleta mwanasesere wa kubebwa na Mgeni. Lakini Phelister hakuwa na jirani wa kumwachia binti yake, kwa hiyo Nekesa mwenyewe ndiye aliyefungwa ndani ya shuka jeupe.

Kamera ikaanza. Mgeni akatokea ukunguni, mrefu, kimya. Kabura tayari alikuwa ameinua mguu mmoja. Hapo Nekesa akapiga chafya.

Wamucii akasimama. Akatazama shuka, akamtazama Mgeni usoni, kisha akautua mzigo wake chini, taratibu, mbele ya miguu ya pepo.

"Mtoto yako ni wa kike ama wa kiume?"

"Wa kike, Shosho," Phelister akajibu, akiwa amesahau kabisa kwamba pepo haongei.

"Kimbieni!" Ngatia akapaza sauti. "Kimbia, Shosho! Huyo ni pepo!"

"Awe pepo, awe nini, amezaa," Wamucii akamjibu bila kugeuka. "Wewe mama yako aliletewa kuni ama alitupiwa? Ati kimbia! Nikimbie mtu ako na mtoto mchanga, na niko na kuni mgongoni?"

Mizigo ikaanza kutuliwa, mmoja baada ya mwingine, hata ule wa Kabura. Nekesa akapita mikono yote, na vigelegele vikapanda bondeni mpaka watu wa sokoni wakatoka kuuliza nani amejifungua. Ngatia aliwaomba warudie. Walirudia, lakini walikimbia huku wakicheka na kugeuka kumwangalia mtoto, na mwishowe yeye mwenyewe akaketi juu ya kuni.

"Tusamehe, Mama Nekesa," Kabura alisema. "Tulikuona ukiingia kwa maji ukiwa na nguo. Tukasema mtu hawezi ingia hivyo na arudi."

"Nilirudi nikiwa na homa wiki nzima," Phelister akasema.

Mchana ule ule walimfuata nyumbani na kuni zile zile, na uji juu yake, na birika la Kefa halikutosha. Ngatia hakuwa na budi ila kuacha filamu iwe na tukio kama lilivyotokea. Ilipoonyeshwa Nyeri mjini, waliokwenda kutafuta hofu walitoka wakinung'unika, na wanawake wa Mukurweini, waliojaza safu mbili za mbele, walitoka wakiwa wamependezwa.

Mwenyezi Mungu, aliye mlezi wa wageni wote duniani, amjalie Phelister Nasirumbi umri wenye afya. Amlinde Kefa katika uzee wake. Ambariki Nekesa na watakaotoka kwake. Wala isikosekane katika nyumba yao sauti ya kubisha hodi, na ya kuitikia.