Bunduki Iliyojibiwa

Vita vya kwanza vilipopita Butembo, baba alipoteza vitu viwili ambavyo hakuchoka kuvitaja: redio ya mezani na bunduki yake ya kuwindia. Askari waliokuwa wakikimbia waliingia mtaani kwetu Kimemi mchana kweupe. Walichukua redio kwanza, kisha mmoja wao akaona bunduki juu ya kabati. Aliikunja katikati, akachungulia ndani ya mtutu kama mtu anayechungulia chupa ya pombe, akaenda nayo.

Baba alikuwa fundi wa cherehani. Hakuwinda kwa ajili ya riziki. Aliwinda kama wengine wanavyokwenda kutazama mpira: Jumamosi, na viatu vyake vya zamani, akirudi na kanga mmoja au njiwa wawili, mara nyingi mikono mitupu na uso uliopumzika. Kaka zangu hawakupenda umande, kwa hiyo alinichukua mimi tangu nikiwa mdogo. Macho yake yalikuwa yameanza ukungu, yangu yalikuwa makali. Mimi nilimwonyesha ndege, yeye akalenga. Majirani walisema atanikosesha bwana. Baba aliwajibu kwamba bwana anayeogopa msichana mwenye macho hatufai.

Kati ya vita vya kwanza na vya pili kulikuwa na msimu mmoja ambapo watu walianza tena kupaka nyumba zao chokaa. Ndipo baba aliposema anataka bunduki nyingine.

“Mutu muzima,” mama alimwambia, “vita hapana imekauka, we unatafuta bunduki ya kucheza?”

“Nyumba ya fundi hapana inakosa muziki,” baba alijibu. “Redio walibeba. Basi, bunduki ndiyo itaimba.”

Pesa zilikuwa chache, na uchaguzi haukuwa rahisi. Jioni nyingi alikaa na mimi kwenye benchi la karakana akiupima. Bunduki rahisi kuliko zote ilikuwa ile ya mhunzi, iliyotengenezwa kwa bomba la maji, lakini baba alimjua mtu wa Lubero ambaye ya kwake ilimpasukia mkononi, na tangu hapo alisalimia watu kwa mkono wa kushoto. Ya pili ilikuwa kalibre douze, kama ile tuliyonyang’anywa: inatawanya chembe nyingi, inafaa kwa kanga anayeruka. Ila kartushi zake zilikuwa ghali, zikiuzwa sokoni moja moja kama sigara, nyingine zimelala kwenye unyevu mpaka maganda yake ya karatasi yamevimba. Tena inalia sana, na siku hizo mlio mkubwa uliita watu usiowataka. Ya tatu ilikuwa vingt-deux, karabini nyembamba ya risasi ndogo kama punje ya maharagwe. Haimwangushi ndege anayeruka isipokuwa kwa bahati, lakini njiwa aliyetulia juu ya tawi haponi, na sanduku zima la risasi zake linaingia mfukoni.

“Bunduki unanunua siku moja,” alikuwa akisema. “Lakini masasi ya ndani unanunua maisha yote. Usiulize bei ya mutoto kama hujauliza anakula nini.”

Ndipo dereva mmoja wa kamio, lori la mizigo, aliyekuwa mteja wake, alipomletea habari. Huko Beni, mtaa wa Beu, kulikuwa na mama anayeuza vingt-deux ya Kibelgiji kwa bei ya baiskeli kuukuu. Baba aliuliza ina kasoro gani. Dereva alisema haina kasoro. Watu wanaichukua, wanaijaribu, kisha wanairudisha.

Tulishuka Beni juu ya kamio la kabichi. Kule hewa ni nzito kuliko kwetu, na asubuhi ile theluji ya Ruwenzori ilionekana kidogo, ikapotea. Nyumba ya yule mama ilikuwa safi mno. Alikuwa mtu wa makamo, mkristo wa kilokole, kitambaa cheupe kichwani, sauti ya chini. Bunduki aliitoa chini ya kitanda ikiwa imefungwa ndani ya shuka. Baba aliipokea, akaifungua, akavuta kitasa cha nyuma ya mtutu, akaupeleka mtutu kwenye mwanga wa dirisha. Nilimwona anameza mate. Mtutu ulikuwa unang’aa ndani kama sindano mpya.

“Mama, hii ni nzuri sana. Sababu gani bei ni hivi?”

“Kwanza mujaribu,” alisema. “Muende kwenye kahawa ya zamani, ile ya muzungu. Nafasi ingine hapana. Upige moja, kisha ungoje. Usipige ingine mbio.”

Baba alidhani anaogopa majirani wasikie. Tulikubali.

Shamba lile lilikuwa mwendo wa saa nzima kutoka mjini. Wenye kahawa walikuwa wameliacha miaka mingi, na msitu ulikuwa unalirudisha kwake polepole: mikahawa imerefuka mpaka imekuwa miti, majani meusi, mistari yake bado imenyooka lakini hakuna mtu wa kutembea kati yake. Nilitazama juu kutafuta njiwa. Hakukuwa na njiwa. Hakukuwa hata na wale wadudu wanaolia mchana. Nilimwambia baba, naye akasema labda mvua inakuja. Mbingu ilikuwa wazi.

Alipigilia kipande cha karatasi kwenye shina la mti, akarudi nyuma, akapiga magoti, akafyatua. Vingt-deux hailii. Inavunjika tu, kama kijiti kikavu mkononi. Nilikwenda kutazama: tundu dogo lilikuwa karibu kabisa na katikati. Nilipogeuka kumwonyesha baba kwa kidole, ndani kabisa ya mikahawa kilivunjika kijiti kingine.

Sauti ile ile. Kavu, ndogo, mara moja.

“Mwangwi,” baba alisema.

Lakini mwangwi haukawii hivyo: nilikuwa nimekwisha kutembea hadi kwenye mti kabla haujafika. Baba naye alijua. Alibadilisha upande, akapageuzia mgongo pale sauti ilipotokea, akafyatua kuelekea kwenye kichuguu. Tulingoja. Nilianza kupumua tena, nikidhani imekwisha. Ndipo ikajibu, kutoka mahali pale pale pa kwanza, na safari hii ilichelewa zaidi, kama mtu aliyekuwa na kazi mkononi akaiweka chini kwanza.

“Kuna mutu,” nilimwambia.

“Papa!” baba alimwita kwa heshima huyo tusiyemwona. “Sisi ni watu wa kujaribu bunduki tu! Hatuna neno!”

Hakuna aliyejibu kwa mdomo. Baba aliondoa risasi kwenye bunduki, akaanza kuifunga ndani ya shuka. Alikuwa anafunga fundo la pili ilipolia tena kule ndani. Sisi hatukuwa tumepiga. Ilianza yenyewe, kama mtu anayeuliza mbona mmenyamaza.

Ningependa kusema tulikimbia, maana ndilo jambo la akili. Lakini baba alikuwa fundi, na fundi akisikia kitu kinalia hawezi kuondoka bila kutazama kinalia wapi. Alinishika mkono kama nilipokuwa mtoto, tukaingia kwenye mstari wa mikahawa. Chini kulikuwa na majani makavu ya miaka mingi, yakitupigia kelele kila hatua. Halafu kelele ikakoma. Nilitazama miguu yangu. Tulikuwa tumesimama kwenye udongo uliofagiliwa.

Ulikuwa umefagiliwa vizuri, duara zima chini ya mkahawa mmoja mkubwa, na michirizi ya ufagio ilionekana kama mama ameondoka sasa hivi kwenda kuchota maji. Hakukuwa na kibanda, jiko wala jivu. Kwenye shina kulikuwa na maganda madogo ya risasi, ya shaba, yanayong’aa, na harufu ya baruti ilikuwa bado pale. Juu ya ule udongo hakukuwa na alama ya mguu hata mmoja isipokuwa yetu.

Baba alivua kofia. Sijui kwa nini alivua. Tulirudi kinyumenyume mpaka tukafika kwenye majani, kisha tukageuka.

Yule mama alikuwa amekaa mlangoni. Hakuuliza kama bunduki inalenga sawa.

“Amejibu?” alisema.

Baba aliketi kwenye ngazi. “Nani, mama?”

Akatueleza. Bwana wake alikuwa msimamizi wa lile shamba. Mzungu alipoondoka alimwachia karabini mbili zinazofanana, mapacha. Vita vilipokuja, bwana alichukua moja akaenda kulinda mashine ya kukobolea kahawa iliyobaki kule shambani, akamwambia: nikichelewa, piga yako, nitakujibu, utajua niko mzima. Hakurudi. Ndugu zake walitaka kufanya matanga, yeye akakataa. Mtu hapana anafanyiwa matanga kama hakuna aliyemwona amekufa.

“Mimi hapana nauzisha bunduki,” alisema. “Minatafuta mutu wa kwenda kupiga. Wengine banarudi banasema hakuna kitu. Wengine banarudi kama vile ninyi, uso hivi.”

“Na wewe mwenyewe?” nilimuuliza. Baba alinitazama vibaya, lakini swali lilikuwa limetoka. “Mama, wewe ulishakwenda?”

Alikunja ncha ya kitambaa chake, akaikunjua.

“Kama nikienda, na hajibu,” alisema, “nitafanya nini, mwanangu?”

Tulilala kwa mtu aliyetukaribisha pale Beu. Asubuhi, akinywa chai, baba alisema hatuwezi kupanda kamio na kumwacha mama wa watu na bunduki yake hivyo. Tulimrudia. Baba alimwambia kwa heshima, akisimama:

“Mama, tutakusindikiza. Hatutakuacha nyuma hata kidogo.”

Yule mama aliinuka. Kisha aliingia ndani, akatoka amevaa kitenge cha kanisani.

Shambani baba alimwonyesha namna ya kuegemeza kitako begani, akamtilia risasi, akampa. Alilenga juu, mahali pasipo na mtu, akafyatua.

Tukangoja.

Nimewahi kungoja mengi katika vita vile: milio iishe, watu warudi, mlango usigongwe. Sikuwahi kungoja kama siku ile. Jua lilisogea kwenye majani. Ndege mmoja alilia, njiwa, wa kwanza kumsikia pale, akafuatwa na mwingine. Yule mama alifyatua tena. Njiwa waliruka wote kwa pamoja juu yetu, wengi, sijui walikuwa wamejificha wapi jana. Hakuna kilichojibu.

Alitaka kuona pale tulipopaona. Tulimpeleka, nami nilikuwa na hakika ya mahali, macho yangu hayakosei. Mkahawa mkubwa ulikuwepo. Chini yake majani makavu yalijaa kama kila mahali, yakifika kwenye vifundo vya miguu. Baba aliyafukua kwa mikono. Hatukupata ganda hata moja.

Yule mama alikaa chini juu ya majani, akalia, si kwa sauti kubwa. Alipomaliza alijipangusa, akasema:

“Turudi. Nipate kuita watu.”

Matanga yalifanyika wiki ile. Baba alichangia mchele, tukakaa usiku mmoja kwenye turubai pamoja na ndugu na watu wa kanisa lake, wakiimba. Tulipoaga, yule mama alitaka kutupatia bunduki bure. Baba aliishika tena kidogo, akakiangalia kitasa kile kizuri, akamrudishia kwa mikono miwili.

“Wasingya, asante sana, mama. Lakini hii hapana ya kuwindia.”

Juu ya kamio nilimuuliza anafikiri nini. Alisema labda askari mtoro aliiokota ile pacha, akajificha mle, akatuchezea, kisha risasi zikamwishia au akahama. Nilimuuliza kuhusu ufagio. Alisema mtu akikaa peke yake sana msituni, anaweza kufagia. Nilimuuliza kuhusu nyayo. Alijifanya kelele za injini zimemzuia kusikia.

Mwishowe alinunua kalibre douze kuukuu, ya mtutu mmoja, kwa mkulima wa njia ya Manguredjipa. Kitako chake kilikuwa kimefungwa kwa waya na iliruka begani kama punda, lakini alisema angalau hii anaijua tabia yake. Tuliwinda nayo msimu mmoja. Alipata kanga wachache na kware mmoja ambaye mama alikataa kumpika kwa kuwa alikuwa mdogo kuliko vitunguu vyake.

Kisha vita vya pili vikaja, na kila kundi la askari lililopita lilianza na swali lile lile: nani hapa ana bunduki? Baba hakungoja kuulizwa. Aliifungua douze kwenye meza ya karakana kama anavyofungua cherehani, akapanga vipande juu ya gazeti, akavitupa kimoja kimoja katika mashimo mbalimbali ya Kimemi, mtutu wenyewe katika choo cha zamani kilichokuwa kikifukiwa. Walipokuja walipekua mpaka ndani ya unga, wakaondoka na nguo za wateja.

Hakuwinda tena. Jumamosi alishinda karakana, na mama, aliyekuwa amezoea nyumba kuwa yake siku hiyo, alilalamika kwamba huyu mwanamume anajaza nafasi.