Msikiti Uliofuata Barabara

Baba ni mchoraji wa ramani. Miaka thelathini amewachorea watu vyoo na ngazi, kwenye meza iliyoibana sebule yetu mpaka mama akawa anapita kiubavu. Kamati ilipompa kazi ya msikiti mpya, alisahau hata kula.

Alitaka ukumbi usio na nguzo, safu ya wanaosali isikatwe popote. Mwanga uingie kwa matundu ya juu, usimpige mtu usoni. Na jengo zima alilikalisha mshazari, likaipa barabara bega, maana kibla, upande wa Makka, haifuati barabara. Siku tatu alipima kwa dira na kivuli cha jua, mama akimshikia kamba.

Mjenzi alikuwa mjomba, kaka wa mama. Baba mwenyewe ndiye aliyempendekeza. "Shemeji ni ndugu," alisema.

Msingi ulipoanza kuchimbwa, baba alilazwa kwa mgongo, wiki tisa. Mjomba akalinyoosha jengo lilingane na barabara, apate nafasi ya maduka mbele. Kila Ijumaa alifika wodini. "Kila kitu sawa, shemeji. Wewe lala tu." Kikulacho ki nguoni mwako, na chetu kilikuja na mfuko wa machungwa.

Baba aliporuhusiwa, paa lilikuwa limeshapanda. Alikwenda kwa kamati na ramani yake mkononi, lakini mjomba alishamtangulia kuwaambia kosa ni la ramani, na pale hakuna aliyejua kusoma ramani.

Siku ya ufunguzi, mistari ya zulia ilikwenda upande wa kibla, kuta zikaenda upande wa barabara. Safu ya mbele ilitosha watu wanne, kisha ukuta. Mjomba, bila haya, akashika kipaza sauti: "Mchoraji wetu alikuwa mgonjwa. Ni binadamu, tumsamehe."

Watu wakapanga mstari kumpa baba mkono. "Tumekusamehe, mzee." Nilitamani kupiga kelele. Yeye akawajibu mmoja mmoja, "Ahsante."

Nyumbani alikaa bila kuvua kofia.

"Mke wangu, wewe ulikuwa unapita pale kila siku ukija hospitali. Hukuona?"

Mama alikuwa akikunja khanga. Akaikunja tena.

"Niliona."

"Tangu lini?"

"Tangu msingi. Ni kaka yangu, baba watoto. Ningefanyaje?"

Baba akavua kofia.

"Na mimi ni nani wako?"