Zebaki Kwenye Pangaboi

Grisi ya zamani ina harufu yake, nzito, ya kuchoma pua kidogo. Ikichanganyika na ukoga wa ziwa unaokaukia juani, hata ukinifumba macho nitakuambia niko wapi: niko ufukweni Nkome, nina miaka kumi na moja, na mama yangu amechuchumaa chini ya mashua ya Bwana Ramji. Sisi ni watu wa Kishapu, watu wa ng'ombe na pamba, maji mengi tulikuwa hatuyajui. Baba ndiye aliyetuleta huku Geita kufuata dhahabu, tukalala kwenye maturubai ya wachimbaji, mpaka mama alipopata kazi ya kutunza mashua ya yule Mhindi mwenye duka. Pamoja na kazi akapewa chumba cha matofali chenye bati. Kazi ikienda, chumba nacho kinaenda. Hilo hata mtoto alilijua.

Ilikuwa mashua ya tanga yenye injini, na pangaboi lake, lile la kuisukuma majini, lilikuwa la ajabu. Ukizima injini na kutweka tanga, mapanga yake matatu yanajigeuza yenyewe, yanalala ubavu kuyafuata maji, yasiizuie mashua kwenda. Kiangazi kile mashua ilivutwa nchi kavu. Mama alisugua konokono na ukoga kwa gunzi la hindi, maana pangaboi lilikuwa la shaba na chuma kingelikwaruza, akasukuma grisi mpya kwenye tundu dogo mpaka ile nyeusi ikatoka yote, kisha akageuza kila panga kwa vidole viwili. Likikataa, anaanza upya. Ikabaki rangi ya kuzuia ukoga, nayo ilikuwa inasubiriwa kutoka Mwanza.

Sasa mimi sikusoma, darasa la nne niliishia mlangoni, lakini akili ninayo tangu zamani, mtu asinidanganye. Nikawaza, tungoje rangi ya nini? Baba ana zebaki kwenye chupa, ile ya kukamatia dhahabu. Konokono gani ataisogelea? Mama alipokwenda sokoni nikaimwaga kwenye kitambaa, nikasugua kwa mikono mitupu. Siku hizo nani alituambia kuwa ni sumu? Pangaboi likang'aa kama fedha. Jioni Bwana Ramji akapita, akasimama, akacheka. "Mama Masanja, unalipeleka harusini?" Mama akanitazama. Mimi nikavimba kifua.

Baba aliporudi kutoka shimoni hakucheka. "Zebaki inakula dhahabu, itashindwa na shaba?" Halafu akashusha sauti. "Mama Masanja, nyamaza. Likivunjikia ziwani, ni mambo ya ziwa."

Mama akakaza kanga yake. "Na watu watakaokuwemo, Baba Masanja, nao ni mambo ya ziwa?" Akanishika mkono, tukaenda dukani.

Nilikuwa tayari kusema ni mimi. Naapa nilikuwa tayari. Mama akaniwahi: "Bwana, nimeliharibu pangaboi lako." Bwana Ramji akaja nasi ufukweni na spana, akaligonga panga moja polepole, kama mtu anayebisha hodi. Likalia kama chungu chenye ufa. Akagonga tena, likamegeka shinani, likaanguka mchangani. Akaliokota, akalifuta mchanga kwa kiganja. "Asante kwa kuniambia," akasema mwishowe. "Lakini mashua nitampa mtu mwingine." Wiki ileile tukarudi kwenye turubai.

Leo Geita nzima wananijua. Nina karasha tatu za kusaga mawe, nina gereji, na nyumba yangu ina vigae mpaka ukutani. Kule Nkome siku hizi mitumbwi inakwenda kwa mashine za kupachika nyuma. Pangaboi likikatika wananunua lingine siku hiyohiyo. Mama nakaa naye, hakosi kitu. Wageni wakija nawaambia, huyu ndiye aliyemzaa Masanja mnayemsikia. Wao humwamkia, kisha humuuliza, bibi, wewe enzi zako ulikuwa unafanya kazi gani? Mama hujinyoosha kitini, akawajibu, "Nilikuwa mtunza mashua." Hasemi kwamba alifukuzwa, wala hasemi ni kwa ajili ya nani. Mimi hapo najifanya napokea simu.