Siku Niliyoipa Kalemie Saa ya Kigoma

Aibu yenyewe haijaisha, kwa sababu mpaka leo nikipita mbele ya wanawake wanaouza ndagala, samaki wadogo wa ziwa, karibu na gati, lazima mumoja ataniita, "Papa Kabwe, saa ngapi?" na wote wanakufa na kicheko. Basi acha niseme mwenyewe, kuliko kusemewa.

Mimi njo mulinzi wa chumba cha kungojea cha kampuni moja ya meli zinazovuka kwenda Kigoma. Fundi wao wa kompyuta ni Bea, mutoto wa dada yangu (ana hasira kama marehemu mama yake, lakini kazi anaijua). Zamani Bea alikuwa anakimbia mashine moja moja, ya tiketi, ya mulango wa gati, ya kapiteni, na televisheni kubwa ya chumbani mwangu, akitengeneza hii, ile inaharibika. Halafu akaweka serveri moja ofisini, sisi tukaiita Mama. Akanieleza, "Mujomba, sasa ninaandika amri mara moja tu, hapa kwa Mama, na zingine zote zinamutii. Hata muntu akiharibu moja, Mama anapita kila mara kuziangalia, anairudisha vile niliandika." Nikaitikia kwa kichwa kama muntu aliyesoma, na sikuwa nimeelewa kitu.

Shida yangu ilikuwa wafanyabiashara wa Kigoma. Saa yao iko mbele ya yetu kwa saa moja, na kila siku ya safari wananiuliza, "Babu, kwetu saa hizi ni saa ngapi?" na mimi, niliyeachia masomo mwaka wa tatu wa primeri, ninahesabu kwa vidole, wao wanacheka. Nikamuomba Bea aweke saa ya Kigoma kwenye televisheni. "Tutaongea nikitoka kula, mujomba," akaenda, na ofisi akaacha wazi, maana mulinzi si mimi? Atamuogopa nani?

Nikaingia, nikakaa kwenye kiti chake. Nilikuwa nimeona mara nyingi vidole vyake vinavyofanya. Kwenye kioo palikuwa na jina la Lubumbashi, kwa sababu saa yetu inafuata ya kule, nikaligusa, majina ya miji mingine yakateremka, nikatafuta Dar es Salaam, maana Kigoma inafuata saa ya kule, nikabonyeza pale Bea anapobonyeza. Mimi nilifikiri ninaongea na televisheni peke yake. Ilikuwa saa saba imepita kidogo. Televisheni ikaruka, saa nane na kidogo. Nikatengeneza kofia yangu, nikajisikia mukubwa.

Halafu nikasikia makelele gatini.

Mulango wa gati unafungwa saa nane, meli inatoka saa tisa. Mashine ya mulango nayo inamutii Mama, basi ikajifunga. Ya kapiteni ikamuandikia kwamba abiria wamekamilika. Na kapiteni wetu ni muntu wa Kigoma, saa ya mukononi mwake haibadilishi kamwe, akaangalia mukono, akaangalia mashine, akaona leo vinapatana, na kwa sababu abiria wamekamilika hakuona cha kungojea mpaka saa tisa, akapiga honi.

Watu walikuwa bado nje na tiketi mukononi, na mbele yao wote Mama Zawadi, muke wangu, na kifurushi chake. Alikuwa anaenda kupasuliwa jicho. Daktari wa kule alikuwa anamungojea kesho yake, nafasi tuliyoitafuta sana, na lile jicho lingine lilikwisha kufa zamani.

Vero wa tiketi akarudisha saa ya mulango kwa mukono. Ukafunguka! Wawili wakapita na magunia, Mama Zawadi akanyanyua muguu, pa! ukafungwa mbele ya pua yake. Vero akarudisha tena. Mumoja akapita, ukafungwa tena.

"Mashine hii ina shetani!" muntu akalia.

"Shetani gani?" Mama Zawadi akasema. "Kuna mupumbavu amegusa kitu. Nikimujua, ataniona!"

Na mimi nimesimama hapo hapo, jasho linaingia machoni. Nilianza kuelewa: si shetani, ni Mama anapita, anarudisha vile *mimi* niliandika. Honi ikalia mara ya pili, nikaona wanafungua kamba. Ningenyamaza, hakuna muntu angejua mpaka leo. Lakini jicho lile.

Bea akafika mbio, ugali wa fufu bado kwenye vidole. "Nani aligusa Mama?"

"Mimi," nikasema.

"Nani?"

"MIMI! Ni mimi!" Na gati nzima ikasikia, hata wale wa ndagala.

Bea hakunitukana. Alikimbia ofisini, mimi nikakimbia ukingoni mwa gati, ninapunga kofia, ninalia, "Kapiteni, rudi! Saa ni ya uongo! Ni yangu!" Meli ilikuwa imekwisha kuacha maji katikati yetu. Kisha televisheni, tiketi, mulango, vyote vikarudi saa saba pamoja, na mashine ya kapiteni pia. Akatoa kichwa dirishani, akaniangalia vile munaangalia mbuzi aliyeingia kanisani, akarudisha meli.

Mama Zawadi alipita mbele yangu polepole, akishika bega la Vero. Akasimama.

"Papa Kabwe, kwa sasa ninakuona kama moshi. Ngoja nipone. Nataka nikuangalie vizuri."

Alipona. Aliniangalia vizuri, siku nzima. Ofisi ya Bea sasa ina kufuli, na ufunguo mulinzi hana. Na watu wa Kigoma wakiniuliza kwao saa ngapi, ninawaambia wapige simu kwao.