Mbwa wa Kaka na Njia ya Kinyala

Kaka yangu alipostaafu kazi ya kiwanda cha chai alirudi kuishi Ibighi, jirani na kwangu, akaja na mbwa wa rangi ya kahawia aliyemlea tangu akiwa mdogo. Mke wake alikuwa amefariki, watoto wako mbali. Daktari alikuwa ameniambia nitembee kwa sababu ya sukari, kwa hiyo asubuhi tulikuwa tunapandisha sote watatu njia ya Kinyala, inayokatiza kati ya mashamba ya chai na migomba.

Kaka hakumfunga mbwa kamba. Alisema mbwa wa kufungwa huwa mkali, na huyu wake hajawahi kumuuma mtu. Ilikuwa kweli. Mbwa alitangulia mbele, akikutana na mtu anamkimbilia, na kaka anapaza sauti kutoka nyuma, "Haumi huyo!" Wanawake wenye mikungu ya ndizi kichwani walisimama palepale bila kugeuka mpaka tuwafikie. Wengine waliingia kwenye chai. Kaka aliwasalimia kwa Kinyakyusa, wakaitikia, tukapita.

Ijumaa moja tulichelewa kutoka kwa sababu ya mvua. Ilipokatika, jua la saa sita lilikuwa linawaka na njia imejaa tope. Kwenye kona alitokea mzee mmoja aliyevaa kanzu nyeupe, anashuka kuelekea mjini. Tulimfahamu kwa sura, ana duka la vitambaa Ibighi. Mbwa alikuwa ameshamfikia. Alimrukia, akaweka miguu ya mbele kifuani, akamlamba mkono na kipande cha kanzu. Mzee alinyanyua mikono juu, akatulia hivyohivyo.

"Usiogope, mzee mwenzangu, haumi," kaka alisema, akihema.

"Siogopi kuumwa. Naenda kusali."

Kaka hakuelewa. Alitoa leso akaanza kumfuta kifuani, tope likazidi kuenea. Mzee akarudi nyuma hatua moja, akamweleza taratibu, kama anavyomweleza mteja, kwamba mate ya mbwa hayafutwi kwa leso. Lazima yaoshwe kwa maji na udongo, na kwa nguo ile hawezi kuingia kwenye sala. Itabidi arudi nyumbani abadilishe, na sala ya Ijumaa haitamsubiri. Hakupandisha sauti hata kidogo. Kaka alitaka kumsindikiza ili amwombe radhi njiani.

"Mshike mbwa wako kwanza," mzee alisema.

Akageuka, akapanda alikotoka, mikono ameitenga na mwili. Nilivua kitenge nilichojifunga juu ya gauni, kaka akamfunga mbwa shingoni, tukarudi nyumbani.

Jumapili baada ya ibada kaka alikwenda dukani kwa yule mzee, bila mbwa. Nilimsindikiza. Mzee alitukaribisha tuketi, nikamweleza kwamba natembea kwa sababu ya sukari. Alisema alifika msikitini watu wanatoka, akasali adhuhuri peke yake, na kwamba yamekwisha. Kaka alipumua. Kisha mzee akaongeza, huku anakunja kitambaa, kwamba siku nyingine huwa anatuona tukiwa bado mbali, na hapo huacha njia akazungukia juu, kwenye migomba. Si yeye peke yake. Jirani zake nao hufanya hivyo, na kina mama wanaokwenda sokoni. Ijumaa ile kona ilituficha.

Kaka akasema, "Nilidhani wamemzoea."

"Hapana," mzee alijibu.

Tulipotoka pale kaka alipitia sokoni akanunua kamba ya katani. Wiki ya kwanza mbwa aliikataa, akawa analala chini katikati ya njia na kaka anambembeleza kama mtoto. Baadaye alikubali. Siku hizi tukiona mtu anakuja, kaka anatoka njiani, anaingia kwenye chai, anamkalisha mbwa chini na kuishika kamba karibu na shingo. Anasalimia yeye kwanza, anangoja mtu apite. Matembezi yetu yamekuwa ya polepole, na zipo siku hatufiki kule juu. Halalamiki. Wapo bado wanaoingia kwenye migomba wakituona, na kaka huwatazama mpaka wapotee, kisha tunaendelea.

Mwezi uliopita tulikutana tena na yule mzee, akiwa anashuka. Kaka aliingia kwenye chai iliyolowa, umande ukamlowesha suruali hadi magotini. Mzee alipita katikati ya njia, akamuuliza habari za afya, akaniuliza na mimi kama sukari imeshuka, akaendelea na safari yake.