Kahindo, mama anayetangulia katapila

Umande haujakauka, na tayari Kahindo amepiga magoti katikati ya barabara, anapima matope kwa fimbo. Fimbo inazama nusu nzima. Anaifuta kwenye majani, kisha anabonyeza motorola, redio ya mkononi iliyoning'inia shingoni.

“Tefani, blato! Blato mingi! Pita kushoto!”

Nusu kilomita nyuma, katapila ya njano inayofungua barabara inanguruma kama mtu aliyeamshwa vibaya. Juu yake ameketi Štefan, fundi kutoka Slovakia, ambaye njia nzima ya Kasongo hadi Kabambare inamwita Tefani. Kiswahili chake ni “jambo”, “chumvi”, “kushoto” na “sukuma”. Kiingereza chake nacho kimekonda.

Kahindo, mwenye miaka 36, ndiye macho yake. Anatangulia kwa pikipiki, anaangalia kinachofunga njia, anamwambia. Kazi hiyo inamlipa dola tisa kwa siku, na inamsomesha binti yake Soraya, anayeishi kwa shangazi yake Kabambare, mwisho wa barabara hii. Hawajaonana miaka miwili.

Mfukoni ana daftari lenye safu tatu za kusimama. Upande mmoja Kiingereza, kwa ajili ya boss anayesikiliza motorola akiwa Kasongo. Kahindo alikiokota mpakani mwa Uganda akiuza vitenge. Katikati Kislovakia cha Tefani. Mwisho Kiswahili, “ya mimi mwenyewe, nisipotee.”

Matope ni blato. Mti ulioanguka ni strom. Mti wa kufunga njia ili magari yalipe ushuru, boss anauita barrier, Tefani závora. Na usipojua ni nini, unasema tu obstacle, au prekážka: kitu kiko njiani.

“Prekážka njo mama yao wote,” anasema akicheka. “Inakamata camion, inakamata mbuzi, inakamata hata bwana yangu wa zamani.”

Ni huyo mama, prekážka, aliyemponza mwezi uliopita.

Ilikuwa Alhamisi, mvua inanyesha, katika kijiji kimoja kabla ya Lusangi. Kahindo aliona matawi mabichi mawili yamelazwa barabarani.

“Kwetu Lubero, ukiona majani ku barabara, camion imekufa mbele. Nikaenda mbele, sikuona lori yoyote. Nikawaza, walisahau kuyatoa. Hata sikushuka ku pikipiki. Nikaita: prekážka, sukuma.”

Katapila ikayasukuma hadi mtaroni.

Katika kijiji hicho, matawi hulazwa pande mbili za nyumba yenye msiba. Mwenye pikipiki huzima injini akaisukuma kwa miguu. Mwenye gari hushuka, akatoa pole. Victorine, mkulima wa mihogo, alikuwa amemzika baba yake jana yake tu.

Hakuna aliyerusha jiwe. Watu walitoka, wakakaa chini mbele ya katapila, mvua ikiwapiga.

“Mashini yenu iko na taa sita na haione jani?” Victorine alimuuliza Kahindo. “Baba yangu njo munatupa mu mutaro?”

Motorola ikalia. Boss alitaka kujua kuna nini.

“Obstacle,” Kahindo akajibu.

Boss akasema isukumwe.

“No, boss. Hii haisukumwe.”

Akaambiwa kwamba katapila isipotoka hapo kabla ya Jumamosi saa sita mchana, kampuni itatafuta macho mengine.

Kahindo alizima motorola, akaomba panga. Alikata matawi mawili mapya, na yeye na Tefani wakayalaza palepale yalipokuwa. Kisha akavua viatu, akakaa mkekani kati ya wamama, akajitaja kuwa Mama Soraya. Tefani naye akakaa, miguu yake mirefu haijui pa kwenda.

“Muzungu anakunjika kama panzi,” mama mmoja akanong'ona.

Victorine akacheka. Halafu akalia. Halafu akasema, “Mama Soraya, matanga inaisha samedi asubui. Mpaka pale, mashini ilale.”

Wakalala nayo hapo hadi Jumamosi, usiku wa Alhamisi na wa Ijumaa.

Tefani aliuliza kwa mikono: matawi haya ni nini? Kahindo akaweka kiganja kifuani, akamwonyesha Victorine, kisha kaburi bichi nyuma ya nyumba. Tefani akachukua daftari na kuandika mwenyewe, chini ya miti na matope na mawe: smútok. Majonzi. Akamchorea nyumba ya kwao yenye kitambaa cheusi mlangoni.

Upande wa Kiingereza bado uko wazi.

“Nilimuuliza boss. Akasema hiyo si kizuizi, haina kazi mu daftari. Siku moja atapita huku kwa miguu, ataijaza mwenyewe.”

Jumamosi asubuhi Victorine aliondoa matawi kwa mikono yake, na saa tatu katapila ikapita. Kahindo hakufukuzwa. Hakushukuriwa pia.

Leo zimebaki kilomita 41. Mpango wake ni kuingia Kabambare akiwa mbele ya katapila, Soraya amwone. Kisha Soraya, mwenye mwandiko mzuri, aandike daftari upya kwa yeyote atakayetangulia mashine kwenye barabara ifuatayo, kuelekea Salamabila.

Kwenye kona, Kahindo anafunga breki. Matawi mabichi mawili yamelala njiani. Safari hii anashuka. Anavua kofia.

“Tefani,” anasema polepole. “Smútok.”

Nyuma, mngurumo unakufa. Sasa inasikika michi ya wamama wanaotwanga sombe, majani ya mihogo.

“Soraya amengoja miaka miwili,” anasema, akianza kusukuma pikipiki yake kwa miguu. “Atangoja na asubui moja.”