Uso Ulioacha Kunisemea

Nilianza kuugua nikiwa mbele ya ubao. Nilikuwa nafundisha darasa la nne katika shule ya msingi kule Matiri, na mwandiko wangu ndio uliokuwa fahari yangu. Siku moja binti wa dawati la nyuma akanyoosha mkono.

"Mwalimu, maneno ya mwisho hatuyaoni."

Niligeuka kutazama. Sentensi ilianza vizuri, ikaenda inasinyaa, na mwisho wake ulikuwa mdogo kiasi kwamba hata mimi nilisogea ili niusome. Nikafuta, nikaandika upya kwa kukusudia. Ikasinyaa tena. Kidole gumba cha mkono wa kulia nacho kilikuwa kimeanza kucheza chenyewe. Nikajiambia ni uchovu wa jembe.

Lakini kilichoniumiza zaidi sikukiona kabisa, maana mtu haoni uso wake. Miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kupanda hadi vijijini na magari na mizani zao. Tulizoea kupeleka kahawa kwenye ghala la chama cha ushirika na kusubiri malipo mpaka tunakata tamaa. Sasa mume wangu aliuza asubuhi, na alasiri akashuka kwenye pikapu ya watu na mabati ya nyumba yetu, ambayo tangu tuoane ilikuwa ya nyasi.

"Mwalimu!" aliita kutoka njiani. Hata nyumbani aliniita hivyo. "Mwalimu, toka uone!"

Nilitoka. Moyo ulinijaa. "Asante, Baba," nikamwambia.

Alinitazama usoni. Tabasamu lake likazimika. "Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu."

"Mbona umeninunia, basi?"

Nilidhani ananitania. Akaanza kuyapanga mabati ukutani, moja moja.

Msimu uliofuata wa kuchuma, mama mkwe akafariki. Alinipenda yule mama. Ndiye aliyenifundisha kuchimba ngoro, yale mashimo ya mteremkoni tunakopanda mahindi na maharage, na hakunicheka hata mara moja. Nilikaa mkekani na wanawake siku zote za msiba. Kifua kiliniuma kwa kilio, lakini usoni yalishuka machozi machache tu, na sura yangu, kama nilivyokuja kuambiwa, ilikuwa ya mtu anayesubiri zamu yake kwenye foleni.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, akasimama katikati yetu.

"Mtazameni," alisema. "Mama amelala pale, yeye uso mkavu. Wifi, mama yetu umemfanya nini?"

Kwetu swali kama hilo haliulizwi bure; maana yake ni uchawi. Wanawake wakainama. Nilitaka kupiga kelele kwamba nilimpenda, ila sauti ilitoka nyembamba, imenyooka kama ya mtoto anayesoma asichokielewa, na ikazidi kuniharibia. Matanga yalipokwisha, wifi alirudi kwake Mbamba Bay, ziwani, alikoolewa. Hakukanyaga tena kwetu.

Mume wangu hakunishuku. Lakini aliniambia, "Mwalimu, sikuelewi tena," na maneno hayo yaliniuma kuliko ya dada yake. Wiki ile ile tukapanda basi kwenda hospitali, Songea.

Daktari alikuwa mzee mpole. Alinitaka nigonganishe vidole, niandike jina langu, nitembee ukumbini na kurudi. Kisha akamgeukia mume wangu.

"Mkeo anatabasamu nyumbani?"

"Aliacha, daktari."

"Hakuacha. Misuli ya uso imekuwa mizito. Ndani anacheka na kulia kama wewe." Akatuambia unaitwa ugonjwa wa Parkinson, kwamba hauponi, kwamba vidonge vitanipunguzia makali na nivimeze kabla ya chakula, kwa saa zile zile kila siku.

Tulikaa kwenye benchi la nje. Mume wangu alivua kofia, akaivaa, akaivua tena.

"Siku ile ya mabati," akasema, "ulifurahi?"

"Nilifurahi mpaka nikataka kupiga vigelegele."

Akafunika uso kwa ile kofia, akalia mbele za watu.

Tangu hapo nilijifunza kusema kile ambacho zamani uso ulikisema wenyewe. Darasani niliwaambia watoto, "Nikisema nimefurahi, mniamini," nao wakawa wananiuliza, "Mwalimu, hapo umefurahi au umekasirika?" Walipokezana chaki, mimi nikitaja, wao wakiandika. Miguu ilipoganda mlangoni, mume wangu alichora mistari ya chokaa sakafuni, nami nilipoivuka mmoja mmoja miguu ilifunguka. Vidonge vilipatikana katika duka moja la dawa Songea, siku nyingine havikupatikana, na siku hizo nilishinda kitandani. Mwaka wa tatu nikaomba kuacha kazi. Sikuandika barua. Niliitaja, mwalimu mkuu akaandika.

Mume wangu alikuwa amemweleza dada yake. Alijibiwa, "Ugonjwa gani huo wa kuzuia machozi?" Mwishowe nikasema twende wenyewe.

Lori lilitukwamisha mteremkoni, saa ya kidonge ikapita bila maji ya kumezea, na nilifika Mbamba Bay natetemeka mwili mzima. Wifi alitupokea kwa adabu inayomstahili mgeni, si ndugu. Akapika mbasa, samaki wa ziwa lao, akatandika mkeka. Kila nilipomega, samaki alidondoka kabla ya kufika mdomoni. Nilijaribu mara nyingi. Yeye alikuwa ananitazama mkono, si uso.

Alisogea, akavuta sahani yangu, akaanza kutoa miiba kwa uangalifu, kisha akafinyanga tonge na samaki ndani yake.

"Fungua mdomo, wifi," alisema.

Nikala mkononi mwake. Nilitaka kumwuliza kama sasa anaamini, nikaogopa. Nilisema tu, "Nimefurahi." Akaitikia kwa kichwa, akafinyanga tonge jingine.

Mvua za mwaka ule zilipoanza tuliletewa habari kwamba wifi amefariki kwa malaria. Barabara ilikuwa tope tupu na mimi sikuweza tena kupanda lori. Nilimfungia mume wangu shati na blanketi, akashuka ziwani peke yake kumzika dada yake, mimi nikabaki nimeketi kizingitini.